Jinsi ya Kusoma Nishani za Kamanda wa Kifaru wa Kijerumani: Mfano wa Otto Carius

Chukua picha ya kamanda yeyote wa kifaru wa Kijerumani iliyopigwa mwaka 1944. Utaona koti jeusi, msalaba shingoni, beji mbili tatu upande wa kushoto, na kipande cha utepe kilichopenyezwa kwenye tundu la kifungo. Wengi wetu husema "huyu alikuwa na nishani nyingi", tukageuza ukurasa. Ni hasara, kwa sababu kila kimoja kati ya vitu hivyo kilikuwa na kanuni yake: nani apewe, kwa kitendo gani, akivae wapi, na kabla yake awe ameshapata nini. Ukizijua kanuni hizo unaweza kueleza mengi juu ya askari huyo, hata mara ngapi alijeruhiwa, bila neno hata moja lililoandikwa nyuma ya picha.

Mwongozo huu ni kwa wanaosoma historia, wanaotafsiri maandishi ya vita, wanaounda vifaru vya mfano, na wale waliokuta msalaba wa zamani kwenye kasha la marehemu babu wasijue ni kitu gani. Mfano wetu ni Otto Carius, aliyezaliwa Zweibrücken tarehe 27 Mei 1922 na kufariki Januari 2015. Nimemchagua kwa kuwa alipanda ngazi yote kuanzia chini, na tarehe za nishani zake zinajulikana, kwa hiyo kila hatua tunaweza kuipima kwake.

Jambo moja tuliseme mapema. Nishani hizi zilitolewa na dola ya Kinazi, katika vita ambayo dola hiyo iliianzisha yenyewe na kuitumia kuua mamilioni ya raia. Kuzisoma si kuzisifu. Asiyejua kuzisoma ndiye anayemeza kila hadithi ya ushujaa anayosimuliwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha picha haijapinduliwa, kisha tambua jeshi

Picha za zamani huchapwa kinyume mara kwa mara, kushoto kukawa kulia. Kabla hujataja nishani yoyote, mtafute tai, yule ndege wa nembo. Askari wa jeshi la kawaida la nchi kavu, yaani Heer, alivaa tai aliyefumwa kifuani upande wake wa kulia. Wewe unayemtazama utamwona kushoto kwako. Tai akionekana upande wa pili, picha imepinduliwa, na kila utakachokisema kuhusu mahali pa beji kitakuwa kinyume. Askari wa Waffen-SS, tawi la kivita la SS, kundi lenye silaha la chama cha Nazi, yeye tai wake alikuwa kwenye mkono wa koti, sehemu ya juu ya mkono wa kushoto.

Sasa shuka kwenye ukosi, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Askari wa vifaru wa Heer walivaa kwenye ukosi fuvu dogo la chuma juu ya kitambaa cheusi, na ukingo wa kitambaa hicho ulikuwa wa rangi ya waridi. Mtu akiliona fuvu anakimbilia kusema "huyu ni SS". Hapana. Fuvu lile waliliiga kutoka kwa vikosi vya wapanda farasi wa Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, wa karne zilizotangulia, na rangi ya waridi ilikuwa alama ya vikosi vya vifaru. Waffen-SS ukosi wao wa kulia kwa kawaida ulikuwa na zile herufi mbili za SS zilizochongwa kama radi.

Carius alikuwa Heer, katika Kikosi cha 502 cha vifaru vizito, kilichotumia kifaru aina ya Tiger, chenye uzito wa tani 57 na mzinga wa milimita 88. Michael Wittmann, ambaye jina lake linatajwa zaidi kuliko yote katika habari za vifaru, alikuwa Waffen-SS, divisheni ya Leibstandarte. Tofauti hiyo usiiruke. Askari wa Leibstandarte waliua raia katika mji wa Boves, Italia, Septemba 1943, na mwaka 1944 wakaua mateka wa Kimarekani karibu na Malmedy, Ubelgiji. Anayeandika kuhusu nishani za mtu wa kundi hilo bila kulitaja kundi lenyewe amemnyima msomaji habari aliyopaswa kuipata kwanza. Heer nalo lisioshwe mikono kwa kulinganishwa hivyo. Mauaji ya raia upande wa Mashariki lilishiriki pia.

Hatua ya pili: soma kwa mahali, si kwa umbo

Picha zikiwa na ukungu, maumbo yanadanganya. Mahali hapadanganyi kirahisi. Shingoni ni pa Msalaba wa Ritter, au Ritterkreuz kwa Kijerumani. Ritter ni yule askari wa farasi mwenye heshima wa enzi za kale. Tundu la kifungo ni pa utepe wa Msalaba wa Chuma Daraja la Pili. Kifua cha kushoto kinabeba Msalaba wa Chuma Daraja la Kwanza, Beji ya Mapigano ya Vifaru na Beji ya Majeruhi. Kifua cha kulia, chini ya tai, ni pa Msalaba wa Ujerumani, nyota kubwa ambayo askari wenyewe waliibandika jina la yai la kukaanga. Ukiona beji ya kitambaa yenye kifaru kidogo sehemu ya juu ya mkono wa kulia, hiyo ilikuwa ya mtu aliyeharibu kifaru akiwa peke yake kwa silaha ya mkononi. Hiyo ni kazi ya askari wa miguu. Kamanda aliyepiga vifaru kwa mzinga wa kifaru chake hakuipata kwa hesabu hiyo.

Utepe unahitaji jicho la karibu, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Utepe wa Msalaba wa Chuma wa mwaka 1939 una nyekundu pana katikati, nyeupe mbili pembeni yake, na nyeusi kwenye kingo. Utepe wa Msalaba wa Huduma za Vita una rangi zilezile zilizopinduliwa: nyeusi katikati, nyekundu kwenye kingo. Katika picha isiyo na rangi, nyekundu na nyeusi zote huonekana giza, na hizi mbili zinakaribia kufanana kabisa. Kwa picha peke yake, usiape. Nishani ya Mashariki ndiyo rahisi: utepe mwekundu wenye mistari miwili myembamba myeupe iliyokaribiana katikati, ikibana mmoja mweusi. Hiyo walipewa waliopitia majira ya baridi ya Urusi kati ya Novemba 1941 na Aprili 1942, na askari waliiita nishani ya nyama iliyoganda. Ukiiona, unajua mwenye koti alikuwa wapi majira hayo.

Hatua ya tatu: panda ngazi ya Msalaba wa Chuma, kipande kwa kipande

Hii ndiyo hatua kubwa. Msalaba wa Chuma ulianzishwa na mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia mwezi Machi 1813, katika vita dhidi ya Napoleon. Ulifufuliwa mwaka 1870, mwaka 1914, na tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland. Mwaka wa ufufuo huandikwa kwenye mkono wa chini wa msalaba. Kwa hiyo ukikuta msalaba wenye 1914, taji juu na herufi W katikati, huo ni wa Vita vya Kwanza, enzi za Kaiser Wilhelm. Wenye swastika, alama ya Wanazi, katikati na 1939 chini ni wa Vita vya Pili. Kwetu Afrika Mashariki tofauti hii ina maana yake, kwa sababu vita vya Mjerumani katika ardhi yetu vilikuwa vya 1914 hadi 1918. Kilichobaki huku kutoka vita vile hakiwezi kuwa na swastika.

Katika Vita vya Pili ngazi haikurukwa. Lazima uwe na Daraja la Pili ndipo upewe la Kwanza, na uwe na la Kwanza ndipo ufikirie Ritter. Kama mtu hakuwa na madaraja ya chini, aliweza kupewa yote kwa pamoja, lakini hakuachiwa pengo.

Daraja la Pili lilitolewa kwa mamilioni. Msalaba wenyewe ulivaliwa siku ya kupewa. Baada ya hapo ni utepe tu kwenye tundu la kifungo. Carius alilipata Septemba 1942, akiwa ameshapigana zaidi ya mwaka mmoja. Daraja la Kwanza halina utepe, hubanwa kifuani kwa pini, na waliolipata ni takriban 300,000. Yeye alilipata Novemba 1943.

Msalaba wa Ritter ulianzishwa siku ileile ya Septemba 1939 kujaza nafasi ya Pour le Mérite, ile nishani ya bluu ya enzi za ufalme iliyokoma mwaka 1918. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alitunukiwa Pour le Mérite mwaka 1916 akiwa vitani Afrika Mashariki. Erwin Rommel, aliyekuja kuwa jenerali katika Vita vya Pili, aliipata mwaka 1917, na ndiyo maana picha zake za Afrika Kaskazini zinaonyesha misalaba miwili shingoni: wa bluu wa vita vya kwanza na mweusi wa vita vya pili. Ritter walipewa watu takriban 7,300 tu. Carius aliupata tarehe 4 Mei 1944, kabla hajatimiza miaka 22.

Juu ya Ritter kuna viongezo, na hivi havikuwa msalaba mwingine. Vilikaa kwenye pete ya msalaba uleule. Majani ya Mwaloni, kuanzia Juni 1940, ni kishada kidogo cha fedha. Panga, kuanzia 1941, ni mapanga mawili yaliyopishana chini ya majani. Almasi ni majani hayohayo yaliyopachikwa vito. Waliopata Majani hawafiki 900, Panga ni takriban 160, Almasi ni 27. Majani ya dhahabu yenye panga na almasi alipewa mtu mmoja tu, rubani Hans-Ulrich Rudel.

Carius alifika kwenye Majani, tarehe 27 Julai 1944, akiwa wa 535 katika orodha. Aliyemkabidhi ni Himmler, kiongozi wa SS, ambaye baada ya jaribio la kumuua Hitler tarehe 20 Julai alikabidhiwa pia jeshi la akiba. Wittmann alipata Ritter na Majani ndani ya mwezi mmoja, Januari 1944, kisha Panga Juni mwaka huohuo baada ya mapigano ya Villers-Bocage, Ufaransa. Agosti 8 akafa.

Sasa itumie ngazi hii kupata tarehe ya picha. Ukiona picha ya Carius mwenye Ritter bila Majani, imepigwa baada ya 4 Mei na kabla ya 27 Julai 1944, au muda mfupi tu baadaye kabla hajakabidhiwa. Dirisha la wiki 12, na hujafungua kitabu. Ila angalia kitu kimoja: wapiga propaganda walikuwa na tabia ya kuchora Ritter juu ya picha ya zamani ili gazeti lisisubiri picha mpya. Msalaba ukionekana mkali mno kuliko ukosi ulio karibu nao, au ukiwa umetazama mbele ilhali shingo imegeuka, umechorwa.

Hatua ya nne: beji zinazohesabu siku na majeraha

Mimi beji hizi huziamini kuliko misalaba, kwa sababu msalaba ulitegemea mkubwa wako aandike nini kukuhusu, na beji zilihesabu.

Beji ya Mapigano ya Vifaru, iliyoanzishwa Desemba 1939, ina umbo la yai: shada la majani ya mwaloni, tai juu, na kifaru kinachotoka ndani ya shada. Ya fedha ilikuwa ya wafanyakazi wa ndani ya kifaru, na sharti lake lilikuwa mapigano matatu katika siku tatu tofauti. Ya shaba walipewa askari waliosindikiza vifaru na wa magari ya deraya. Kuanzia Juni 1943 zikaongezwa zenye kisanduku cha namba chini: 25, 50, 75, 100, yaani siku za mapigano. Namba hiyo ukiweza kuisoma kwa kioo cha kukuzia, umepata habari ambayo Ritter haikupi.

Beji ya Majeruhi nayo ni ya umbo la yai, kwa hiyo zisichanganywe: hii ni ndogo na ina kofia ya chuma juu ya mapanga mawili. Nyeusi ni jeraha moja au mawili, fedha ni matatu au manne, dhahabu ni matano na kuendelea. Aliyepoteza mkono, mguu au jicho alipewa ya fedha moja kwa moja. Aliyepofuka kabisa, ya dhahabu. Carius alianza na nyeusi Julai 1941, wiki chache baada ya uvamizi wa Urusi, kifaru chake cha aina ya Panzer 38(t) kilipopigwa na yeye kupoteza meno. Tarehe 24 Julai 1944 huko Latvia alitangulia na pikipiki kukagua njia, akapigwa risasi kadhaa nusura afe. Mwaka huo akawa na ya dhahabu. Kwa maneno mengine, Majani ya Mwaloni yalitangazwa akiwa kitandani.

Hatua ya tano: uliza nani hakupewa

Ndani ya Tiger walikuwamo watu watano: kamanda, mpiga mzinga, mpakiaji, dereva na mtu wa redio. Kamanda aliona na kuamuru. Aliyelenga na kufyatua ni mpiga mzinga. Hata hivyo hesabu ya vifaru vilivyoharibiwa huandikwa kwa jina la kamanda, na msalaba ukamwendea yeye. Balthasar Woll, mpiga mzinga wa Wittmann, alipata Ritter Januari 1944, na jambo hilo linakumbukwa mpaka leo kwa sababu lilikuwa nadra sana.

Kinyume chake yupo Kurt Knispel, ambaye hutajwa kuwa aliharibu vifaru 168, vingi kati ya hivyo akiwa mpiga mzinga. Hiyo ni hesabu kubwa kuliko ya Carius na ya Wittmann. Hakupata Ritter. Kifuani mwake palikuwa na Msalaba wa Ujerumani wa dhahabu, wa Mei 1944. Ukimweka karibu na Wittmann, unaelewa kwamba nishani ya shingoni ilipima pia nani anafaa kuonyeshwa kwa umma.

Na hesabu zenyewe zichukuliwe kwa tahadhari. Kila jeshi lilizidisha hesabu ya vifaru lilivyoviharibu, kwa kuwa kifaru kilichosimama kinafuka moshi kingeweza kuvutwa usiku na kutengenezwa, au kupigwa na watu wawili na kila mmoja akakidai. Mapigano ya Malinava, Latvia, tarehe 22 Julai 1944, ndiyo yaliyomtangaza Carius. Alisimulia kuwa vifaru 17 vya Kisovieti viliangamizwa kwa muda mfupi. Andika "alisimulia", au "inadaiwa". Usiandike pia kwamba Majani alipewa kwa Malinava kwa sababu tu zimepita siku 5. Pendekezo la nishani kubwa lilipita kwa wakubwa wa ngazi kadhaa kabla ya kufika makao makuu, kwa hiyo ukaribu wa tarehe mbili si ushahidi wa sababu.

Hatua ya sita: tafuta karatasi

Kila nishani ilikuwa na karatasi. Beji ilikuwa na hati ya umiliki, Besitzzeugnis, yenye jina, cheo, kikosi, tarehe, na sahihi ya mkubwa. Kisha ikaandikwa ndani ya kitabu cha mshahara cha askari, Soldbuch, ambacho alitembea nacho mfukoni. Linganisha: tarehe ya hati, tarehe ya kitabu, na kikosi alichokuwamo wakati huo. Hati inayosema mtu alipata beji ya fedha ya vifaru huku kitabu kikimwonyesha mpishi wa hospitali inahitaji maelezo. Kumbukumbu zenyewe zinatunzwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani, Bundesarchiv: za kijeshi mjini Freiburg, na nyingi za askari mmojammoja mjini Berlin. Unaweza kuwaandikia ukiwa na jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Bila tarehe ya kuzaliwa, majina yanafanana mno.

Hatua ya saba: kama una kitu chenyewe mkononi

Msalaba wa Chuma halisi kwa kawaida ni vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na fremu mbili za rangi ya fedha zilizolehemiwa pamoja pembeni kukizunguka. Pitisha kucha kwenye ukingo. Mshono unapaswa kuhisika au walau kuonekana. Msalaba uliotoka kwenye kalibu moja, rangi na fremu vikiwa kitu kimoja, uache. Sumaku inasaidia lakini haiamui, kwani ipo misalaba halisi yenye kiini kisicho cha chuma, na bandia nyingi zina chuma. Ritter hubeba alama ya fedha, 800 mara nyingi, na namba ya mtengenezaji; 4 ni Steinhauer & Lück wa Lüdenscheid, 65 ni Klein & Quenzer. Wanaoghushi wanazijua namba hizo pia. Usisugue kitu cha zamani kikang'aa. Umeondoa nusu ya ushahidi.

Ukiwa Ujerumani, kuonyesha swastika hadharani ni kosa la jinai, isipokuwa kwa elimu, utafiti na makusudi kama hayo. Sheria ya mwaka 1957 iliwaruhusu askari wa zamani kuvaa nishani zao kwa sharti swastika iondolewe. Kwenye Msalaba wa Chuma nafasi yake ikachukuliwa na majani matatu ya mwaloni. Kwa hiyo ukikuta msalaba wa 1939 wenye majani katikati, usiuite bandia. Ni toleo la baada ya vita.

Hatua ya nane: andika maelezo ya picha

Fuata mpangilio: nani, jeshi gani, nini kiko wapi, kinathibitisha nini, na kisichothibitika kiachwe nje. Tuseme umepata picha ya Carius akiwa na koti jeusi na Ritter bila Majani. Maelezo yake yangekuwa hivi:

"Luteni Otto Carius, Kikosi cha 502 cha vifaru vizito, Heer, jeshi la Ujerumani ya Kinazi. Imepigwa kati ya Mei na Julai 1944, au muda mfupi baadaye. Shingoni: Msalaba wa Ritter, aliopewa tarehe 4 Mei 1944. Kwenye tundu la kifungo: utepe wa Msalaba wa Chuma Daraja la Pili, wa Septemba 1942. Kifua cha kushoto: Msalaba wa Chuma Daraja la Kwanza, wa Novemba 1943, Beji ya Mapigano ya Vifaru ya fedha, namba haisomeki, Beji ya Majeruhi, rangi haitambuliki. Fuvu kwenye ukosi ni alama ya vikosi vya vifaru. Wenzake wanne wa kwenye kifaru hawamo pichani."